Adui wa Kubakishwa

Katika mashamba ya waridi yanayozunguka Ziwa Naivasha wamo wafanyakazi ambao kazi yao ni kutazama. Hawakati maua, hawapogoi, hawafungi mashada. Huitwa maskauti, na anayewaona kwa mara ya kwanza atadhani wamedondosha pete: wanakwenda polepole kati ya matuta, wanainama, wanageuza jani, wanalisogeza karibu na jicho, wanaliachia, wanapiga hatua chache, wanainama tena. Shingoni inaning'inia lenzi ndogo inayokuza mara kumi. Mkononi mna karatasi yenye ramani ya grinihausi, au siku hizi simu. Kutwa nzima huenda wasiue mdudu hata mmoja, na bado msimamizi wa dawa haamui lolote kabla hajapata habari zao.

Wanayemtafuta zaidi ni utitiri mwekundu, ambaye wataalamu humwita Tetranychus urticae. Urefu wake ni kama nusu milimita. Ana miguu minane, kwa kuwa ni ndugu wa buibui, na mwili uliopauka wenye doa jeusi kila ubavu. Hukaa upande wa chini wa jani, anatoboa chembe moja baada ya nyingine na kufyonza kilichomo, mpaka upande wa juu unatokeza vidoa vyeupe vidogo sana. Utando kama wa buibui huonekana baadaye, na skauti anayengoja utando ameshachelewa. Katika joto la nyuzi 25 yai huwa mdudu mzima kwa siku kumi hivi. Jike moja hutaga mayai mia na zaidi katika maisha yake. Hata jike lisilopata dume hutaga: mayai yake huanguliwa madume matupu, na anaweza kupandwa na mmoja wa wanawe, akaanzisha ukoo mzima peke yake. Ulaya baridi humlazimisha kulala miezi kadhaa. Naivasha hakuna msimu wa kulala. Waridi husimama tutani miaka, na utitiri nao huzaliana mwaka mzima.

Tena hatishwi na dawa. Wanaofuatilia usugu wa wadudu wamehesabu viambato zaidi ya 90 ambavyo utitiri huyu, mahali fulani duniani, amekwisha kuvizoea. Hakuna mdudu wala jamaa wa wadudu anayempita katika orodha hiyo. Dawa mpya ikifika, msimu wa kwanza inasifiwa, wa pili inaongezwa kipimo, na baada ya hapo watu huanza kuuliza kampuni inaleta nini kingine.

Ndipo jicho la skauti linapopata thamani. Grinihausi moja inaweza kuwa na maelfu ya mashina, na hakuna awezaye kugeuza kila jani. Skauti mzuri anajua pa kuanzia. Hutazama kando ya milango, ambako nguo za watu hupitisha wageni. Hutazama upande unaopakana na barabara ya vumbi, maana majani yenye vumbi ni makazi anayoyapenda utitiri. Hutazama mahali ambapo jua la alasiri hupiga plastiki na hewa ikawa kavu. Zaidi ya yote huinama hadi kwenye mashina yaliyokunjwa chini kwa makusudi ili majani yake yalishe mmea. Mnunuzi wa maua hataona kamwe majani hayo, na huko ndiko vita huanzia. Utaratibu wa safari nao ni sehemu ya ufundi: huanza na nyumba zilizo safi na kumalizia na zilizovamiwa, asije yeye mwenyewe akawa gari la utitiri.

Kuna jambo moja katika kazi hii ambalo nalistahi kuliko yote, nalo ni kusoma wakati uliopita na uliopo kwenye jani lilelile. Kidoa kilichofyonzwa hakiponi. Utitiri wanaweza kuwa wamekufa wiki tatu zilizopita na jani likabaki na makovu yake. Skauti mgeni huona makovu, akaandika ugonjwa mkubwa, na dawa ikapigwa mahali ambapo hapana mdudu. Aliyekomaa hushika lenzi akatafuta vilivyo hai: mayai ya mviringo yanayong'aa kama tone la maji, vitoto vyenye miguu sita, majike yanayosogea. Hutofautisha yai na ganda tupu, mdudu na ngozi aliyoivua. Kisha hufunga utepe wa rangi kwenye waya juu ya tuta. Rangi moja ni ya wachache, nyingine ya wengi. Mtu anayepita mlangoni anaweza kuisoma hali ya nyumba nzima kwa tepe hizo, mradi aliyezifunga hakukosea.

Wadudu wengine wana taratibu zao. Vithiripi hukaa ndani ya ua lenyewe, basi skauti huligonga juu ya kiganja au karatasi nyeupe na kuhesabu vijiti vyembamba vinavyokimbia. Mitego ya gundi ya rangi ya buluu huwavuta hao. Ya njano huwavuta inzi weupe. Vidukari hujitangaza wenyewe kwa majimaji matamu wanayoyadondosha na sisimizi wanaopanda kuyafuata.

Sasa tuje kwenye sehemu ya kazi inayomshangaza mgeni. Baada ya kuwapata utitiri, mara nyingi shamba halipigi dawa. Linaleta utitiri wengine.

Hao wa pili ni Phytoseiulus persimilis, mlaji. Ana rangi ya chungwa lililoiva, miguu mirefu, na mbio ambazo utitiri mwekundu hana. Mtu akishamwona mara moja chini ya lenzi hamchanganyi tena. Kwa siku moja hula utitiri wazima watano hivi, au mayai ishirini. Yai lake ni la duaradufu na ni kubwa maradufu ya yai la mawindo yake, jambo ambalo skauti hulitumia kujua kama walaji wamezaana au wamefika tu na kupotea. Walaji huja ndani ya chupa wakiwa wamechanganywa na chenga nyepesi, mara nyingi 2,000 kwa chupa. Anayewamwaga huigeuza chupa taratibu kwanza, kwa sababu wana tabia ya kupanda wote juu kwenye kifuniko, na asipofanya hivyo tuta la kwanza litapata jeshi zima na la mwisho litapata chenga. Huwamwaga asubuhi au jioni, juani hapana. Hewa ikiwa kavu mayai yao hunyauka, ndiyo maana Januari na Februari, miezi mikavu ya Naivasha, ni miezi ambayo utitiri mwekundu huwa mbele na walaji nyuma.

Walaji hawa hawana macho. Kwa muda mrefu ilikuwa kitendawili jinsi wanavyolipata jani lenye mawindo kati ya majani mengi yasiyo na kitu. Katika miaka ya 1980, huko Wageningen nchini Uholanzi, watafiti Maurice Sabelis na Marcel Dicke walionyesha kwamba mmea wenyewe ndio unaoita. Jani la haragwe lililofyonzwa hutoa harufu ambayo jani zima halitoi, na hata ambayo jani lililokatwa kwa makasi halitoi, na mlaji huifuata. Kwa hiyo skauti anayepita kati ya waridi anapita katikati ya mwito ambao pua yake haiusikii.

Kufugwa kwa walaji nako kuna mzaha wake. Hawaishi kwa kingine ila utitiri wa jamii hii, kwa hiyo anayewafuga lazima kwanza afuge utitiri. Hupandwa maharagwe katika nyumba maalumu, yakitunzwa vizuri hadi majani yapendeze, kisha yanaambukizwa kwa makusudi mpaka yawe hoi. Hapo walaji huachiliwa. Kampuni ya Dudutech, iliyoanzishwa Naivasha mwaka 2001, imejenga biashara juu ya mpango huo. Babu yangu angeona mashamba yale ya maharagwe yaliyojazwa wadudu kwa gharama, angeuliza nani amerogwa.

Na hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Mlaji asiyekuwa na kitu cha kula hufa au huhama. Shamba likifaulu kufuta utitiri wote leo, limewafuta na walinzi wake, na jike mmoja akiingia kesho na shati la mfanyakazi atakuta uwanja mtupu. Kilele cha ufundi huu, basi, ni kubakisha. Skauti hahesabu utitiri peke yao. Anahesabu majani yenye utitiri na kati ya hayo mangapi yana mlaji. Akiona utitiri wengi na walaji hakuna, anaomba msaada. Akiona utitiri wa kadiri na mlaji karibu kila jani, anaandika tarakimu zake na kusema: acheni. Neno hilo ni zito kulitamka. Nyuma yake kuna meneja anayetazama majani yenye madoa, kuna oda ya maua ya wiki ijayo, na kuna pampu ya dawa imejaa na inangoja. Kupiga dawa humfanya kila mtu ajione amefanya kazi. Kuacha kunahitaji mtu anayeyaamini macho yake.

Ufundi huu ulikaribia kupotea kabla haujafika kwetu. Mwaka 1926 mkulima mmoja wa nyanya katika Hertfordshire, Uingereza, aligundua kwamba magamba ya inzi weupe kwenye mimea yake, yanayotakiwa kuwa meupe, mengine yalikuwa meusi. Wengi wangepita. Yeye aliyapeleka kwa mtaalamu wa wadudu, E. R. Speyer wa kituo cha utafiti cha Cheshunt, na ndani ya magamba meusi wakatoka nyigu wadogo sana, Encarsia formosa, ambao hutaga ndani ya watoto wa inzi weupe. Kufikia miaka ya 1930 kituo kilikuwa kikigawa nyigu takriban milioni moja na nusu kwa mwaka. Kisha Vita Kuu vya Pili vikaisha, DDT ikaingia mashambani, na hakuna aliyetaka tena kuhangaika na nyigu. Walirudi baadaye, usugu ulipowarudisha watu kwenye lenzi. Mlaji wa utitiri naye alijileta: alikutwa Ujerumani mwaka 1958 kwenye okidi zilizosafirishwa kutoka Chile. Mwaka 1967 mkulima wa matango wa Uholanzi, Jan Koppert, ambaye dawa zilikuwa zikimdhuru mwili, aliigeuza njia hiyo kuwa kampuni. Wote hao mwanzo wao ni uleule: mtu aliyetazama chini ya jani akaona kitu ambacho hakikuwa cha kawaida, na asikipuuze.

Kenya ina upande wake katika kisa cha dawa pia. Kaunti hii ya Nakuru, ambamo Naivasha imo, ni moja ya sehemu zilizolima pareto kwa miongo mingi, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita Kenya ndiyo iliyoongoza duniani kwa zao hilo. Dawa ya pareto asilia huua mdudu na kuvunjwa haraka na jua. Wanakemia waliiga muundo wake wakatengeneza dawa zinazodumu kwenye jani, na kudumu huko, kulikoonekana kuwa faida, ndiko kunakowaumiza walaji: utitiri sugu wanapona, walaji wanakufa, na baada ya muda mfupi utitiri wanafurika kuliko kabla ya dawa. Skauti anayejua kazi husoma kwanza daftari la dawa zilizopigwa, kisha ndipo husoma jani.

Mtu asidhani kwamba elimu ya kumtunza mdudu ili amle mdudu ni ya grinihausi za wawekezaji tu. Pwani tunayo ya siku nyingi. Kuna kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, anayefyonza vidaka mpaka vikapukutika kabla havijawa kitale. Jina lake la pili linamkumbuka Michael Way, ambaye huko Zanzibar aliwachunguza majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mnazi wenye majimoto wengi huhifadhi vidaka vyake, kwa sababu majimoto hawamvumilii kunguni huyo. Wakwezi hawawapendi, na ukiwa umewahi kuumwa nao mahali pabaya ukiwa juu ya mnazi huwezi kuwalaumu wakwezi. Lakini mwenye shamba anayejua hufanya kazi ya subira: hupanda miti ambayo majimoto hupenda kujengamo, kama michungwa, katikati ya minazi, hufunga kamba au fito kutoka mti hadi mti ili wapite angani bila kushuka chini, ambako sisimizi wadogo wa kahawia, maadui wao wakubwa, wanawangoja. Madaraja ya chungu! Na ni elimu ya kale kuliko sote: andiko la Kichina linalotajwa kuwa la mwaka 304 linasimulia viota vya jamaa wa majimoto vikiuzwa sokoni kwa wenye michungwa.

Vitalu nyumba vidogo vya wakulima wetu, vile vya mbao na nailoni vilivyosimama nyuma ya nyumba, vina kisa kigumu zaidi. Wengi waliuziwa kitalu kwa ahadi kwamba ndani yake wadudu hawafiki. Mwaka 2014 alipoingia kantangaze, yaani nondo Tuta absoluta kutoka Amerika ya Kusini, ahadi hiyo ilikufa kwa kelele. Kiwavi wake hula akiwa katikati ya ngozi mbili za jani la nyanya, ambako dawa ya kunyunyiza haimpati kirahisi, na hutoboa tunda pia. Niliyemwona akimmudu vizuri alikuwa mama mmoja wa Arumeru, na silaha yake kubwa ilikuwa mlango. Alijenga milango miwili yenye chumba kidogo katikati, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua wa pili kabla wa kwanza haujafungwa, hata afisa ugani. Ndani aliweka beseni la maji ya sabuni, juu yake kidonge cha harufu kinachowavuta madume. Asubuhi alipita na kuyatazama majani kwa kuyaelekeza kwenye mwanga, ili mahandaki yaonekane, na kila alipoona kiwavi ndani alimbana kwa kucha papo hapo, jani likiwa bado kwenye mche. Lililoharibika sana alilitia mfukoni na kwenda kulichoma. Icipe, taasisi ya Nairobi iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, imeleta nyigu kutoka Peru wa kumwandama kantangaze huko nje mashambani. Ni kazi njema, ila haitaondoa haja ya mlango.

Kwenye sukuma wiki za uani jambo ni jepesi. Ukiona kati ya vidukari kuna waliovimba, wakakauka, wakawa na rangi ya kahawia, usiling'oe jani hilo. Ndani ya kila mmoja kuna nyigu anayekua. Waoshe waliobaki kwa maji yenye nguvu, wazuie sisimizi wanaowalinda, na urudi baada ya siku chache.

Lakini kanuni ya kubakisha ina mpaka wake, na mpaka huo sasa unawasumbua maskauti wa Naivasha kuliko utitiri. Yupo nondo wa Kiafrika, Thaumatotibia leucotreta, ambaye mashambani hutajwa kwa herufi tatu tu: FCM. Kiwavi wake huingia ndani ya tumba la waridi na kujificha humo. Ulaya haimtaki kabisa, kwa hofu ya michungwa na pilipili zake, na tangu Aprili 2025 masharti ya waridi kuingia huko yamekazwa: shamba lazima lionyeshe hatua zake zote, kuanzia nyavu za madirishani hadi mitego, hadi ukaguzi wa tumba kwa tumba katika chumba cha kufungia. Kiwavi mmoja akikutwa, shehena imekwisha.

Kwa hiyo kwenye shina moja skauti anashika sheria mbili zinazopingana. Majani ya chini yana utitiri wachache na walaji wao. Hayo anayahesabu na kuyaacha. Tumba la juu lina kitundu kidogo chenye ungaunga wa kinyesi. Hilo analikata, analitia kwenye mfuko unaofungwa, na kumwita msimamizi bila kuchelewa. Msimamizi atataka dawa, na hapo ndipo mabishano huanza, maana dawa kali ya nondo ikishuka chini itawamaliza walaji na kufungulia utitiri mlango. Skauti mkongwe hupendelea ile ya bakteria, Bacillus thuringiensis, inayowapata viwavi na kuwaacha wenye miguu minane. Inafanya kazi polepole, na lazima kiwavi aile kabla hajajichimbia ndani ya tumba, kwa hiyo siku ya kuipiga hupangwa kwa hesabu ya madume yaliyonaswa mtegoni wiki hiyo. Baada ya hapo hurudi kwenye matuta na lenzi yake, akigeuza majani ya chini kuona walaji wangapi wamesalia, na kupapasa matumba ya juu moja moja.